Kodi ya Mtu Asiyekuwepo

Mara moja kwa mwaka Damari alimsikia mtu mwingine akilitaja jina la mume wake. Ilikuwa mwezi wa saba, uwele umeshavunwa na upepo umeshaanza ukorofi wake wa kurusha mchanga machoni pa kila mtu bila kujali cheo. Jumbe Antipasi alitoa meza nje ya baraza la Ihanja, karani Fabiano akaketi nyuma yake, na majina ya walipa kodi yakaanza kusomwa. Lilipofika jina la Mughwai, Damari aliinuka upande wa wanawake na kusema, "Yupo."

Halafu alilipa, akapewa tikiti ya kodi, akarudi nayo nyumbani.

Sasa, Mughwai hakuwepo. Kila mtu pale alijua hayupo, kuanzia jumbe mpaka mbwa wa jumbe. Alikuwa ameondoka miaka ya nyuma, vita vya Hitla vilipokwisha. Lakini serikali ya Mwingereza haikusumbuliwa na jambo dogo kama hilo. Ilimradi kodi imeingia, mtu yupo.

Aliondoka kwa sababu ya kodi hiyohiyo. Mwaka ule mvua ilikuwa ya kubahatisha, akakosa cha kuuza, na matarishi wa jumbe wakamfunga kamba pamoja na wenzake waliokosa. Walipelekwa kuvunja mawe ya barabara ya Ikungi. Aliporudi, viganja vyake vilikuwa vimevimba hata hawezi kushika kata ya maji, na Damari akawa anamnywesha. Hakulalamika. Alikaa tu ukutani siku kadhaa akiitazama mikono yake, na mikono ilipopona akasimama.

"Nakwenda kutafuta kodi," alisema. "Nikikaa hapa watanifunga tena."

"Utarudi lini?"

"Nikiipata."

Watu hutoka kwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea, au dawa, au mke. Wote hao hurudi, wamepata au wamekosa. Mughwai alikwenda kutafuta kodi, na tangu siku ile haikuja salamu wala mtu wa kuileta. Mtoto wao wa pekee alikuwa ameshakufa kwa surua. Damari akabaki na tembe yenye vyumba vingi kuliko watu, ng'ombe watatu, na ukimya ambao ulimzidi umri.

Mdogo wake Mughwai, Paulo, hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alimlimia shemeji yake, alimtengenezea paa kabla ya masika, na kila alipomaliza kazi alikaa kidogo na kukohoa. Damari aliijua maana ya kikohozi kile.

"Shemeji, tumzike kaka," alisema Paulo.

Katika ukoo wao mtu aliyefia mbali huzikwa bila mwili. Huchimbwa kaburi dogo, kikawekwa kibuyu alichokuwa akinywea, kikafukiwa, na mjane akanyolewa. Baada ya hapo jina lingefutwa kwa jumbe na kodi ingekoma. Mjane angerithiwa na kupata nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Paulo, jambo ambalo Paulo aliona aibu kulitamka. Ng'ombe nao wangebaki ukooni.

"Mtu anayelipa kodi hafi, shemeji," Damari alimjibu.

Paulo alicheka, akidhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Kichwani mwa Damari mambo yalikaa hivi: wafu hawalipi. Mzungu pamoja na ukali wake wote hajawahi kumdai maiti. Basi yule anayedaiwa yu hai mahali fulani, na ilimradi mkewe aendelee kumlipia, ataendelea kudaiwa. Wenzake walipika pombe ya uwele, wakaiuza, wakalipa kodi huku wakilaani. Damari alipika pombe yake, wanaume wakaja uani kwake kuinywa, na siku hiyo moja nyumba yake ilikuwa na sauti. Kisha alikwenda barazani na hela zake amezifunga kwenye pindo la nguo, akasikiliza jina likiitwa. Nyumbani hapakuwa na wa kulitaja. Paulo alisema kaka, na majirani walisema yule. Fabiano peke yake, karani wa watu, alilitamka lote kwa sauti.

Ndipo Isaka aliporudi kutoka Kenya.

Isaka alikuwa rika la Mughwai, na yeye pia alikuwa ameondoka kutafuta kodi. Alirudi akichechemea, na popote alipokwenda alichagua kuketi mgongo wake ukiwa ukutani. Damari alipopata habari alichukua kibuyu cha maziwa akaenda kwake. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana mvua, wakaulizana mifugo, na Isaka akanywa maziwa yote pasipo kuinua macho. Alijua kilichomleta.

"Tulikuwa naye, dada," alisema mwishowe. "Juu ya Naivasha, kwenye shamba la pareto la Mzungu. Alikuwa anaweka hela. Kila zikikaribia kutosha za kurudi, wanazichukua."

"Nani?"

"Kodi. Kule nako kuna kodi."

Damari alitaka kucheka na hakuweza. Mwanaume ametembea nchi nzima akiikimbia, kumbe ilikuwa imeshatangulia kule inamngoja.

"Mughwai alikuwa anasema, imenijua sura," Isaka aliendelea. "Basi Wakikuyu wa pale shambani walianza kama watu wa huku. Walianza kwa kuuliza. Mbona kodi ya kibanda, mbona tunavaa kipande cha kitambulisho shingoni, mbona ardhi ya babu zetu ina mwenyewe mwingine. Wakaandika barua, hazikujibiwa. Wakakataa kulipa, wakafungwa. Huko gerezani wakakutana na waliokataa wa sehemu nyingine, wakafundishana. Walipotoka hawakuuliza tena. Walianza kula kiapo na kuingia msituni, na serikali ikaleta ndege za mabomu. Ni vita, dada. Kodi ilikuwa imesahaulika kabisa. Walikuwa wanapigania nchi."

"Na Mughwai?"

"Aliniambia, Isaka, nimechoka kutafuta. Asubuhi yake hakuwepo kwenye foleni ya unga. Na panga lake halikuwepo. Wiki ileile askari walikuja na malori wakatusomba wote kambini. Mle kambini sikumwona. Kwa hiyo ama yuko msituni, ama…"

"Usimalize."

"Simalizi," alisema Isaka, akamrudishia kibuyu.

Damari alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo angeona haya kumwambia mtu. Msituni ni mahali. Mtu aliye msituni yuko mahali.

Mwaka uliofuata serikali ilizidisha ujanja. Juu ya kodi ya kichwa ikaongeza kodi ya ng'ombe, na hapo ilikuwa imegusa pabaya. Watu wa Ihanja hawaweki ng'ombe wao wote zizi moja. Mmoja anakuwa kwa rafiki, wawili kwa mjomba, na ukiingia zizini kwa mtu, nusu ya mifugo si yake, na yake iko kwa wengine vijiji vitatu mbali. Ndivyo watu wanavyoshikana, na ndivyo ugonjwa ukija haumalizi mali ya mtu kwa siku moja. Basi swali likawa, ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki atalipiwa na nani, mwenyewe au anayemlisha? Jumbe Antipasi alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote wa kofia yake, akaamua walipe wote wawili.

Hakuna hotuba iliyowahi kuwaunganisha watu wa Ihanja kuliko hukumu ile. Mjini Singida chama cha kudai uhuru kilikuwa kimefungua tawi, na watu wa chama walikuwa wakisema kwa upole kwamba wananchi wana haki ya kuuliza. Hawakusema watu wasilipe. Lakini kutoka Singida mpaka Ihanja ni mwendo, na neno hilo lilipofika, kuuliza kulikuwa kumeshakuwa kukataa. Wanaume walikutana kwa Marko, jirani wa Damari. Isaka aliketi mgongo ukutani akawaeleza ya Kenya, na wakakubaliana kwamba siku ya baraza kila mtu atakayeitwa jina lake anyamaze.

Mke wa Marko, Theresia, alikuja kwa Damari kesho yake. Walikuwa marafiki tangu walipoolewa. Walikuwa wametwanga kinu kimoja, na Theresia ndiye aliyemshika Damari siku mtoto alipozikwa.

"Mwaka huu hakuna atakayelipa," alisema.

"Nimesikia."

"Nawe usilipe."

"Mimi siwezi, Theresia. Nikinyamaza watamfuta."

"Akifutwa kwenye karatasi hafi, mwenzangu."

"Unasema hivyo kwa sababu Marko analala kwako."

Theresia alisimama, akakung'uta nguo yake iliyokuwa haina vumbi, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kazi. Damari alitamani kumwita. Neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa la kweli, kwa hiyo hakujua angelirudishaje.

Kuanzia hapo Ihanja ilimwachia nafasi. Hakutukanwa. Alipofika kisimani, waliokuwa wanachota walikuwa wameshamaliza. Alipopita njiani, mazungumzo yalikuwa ya mvua. Paulo alituma mtu kusema mgongo unamsumbua, paa litasubiri. Damari alipika pombe yake kama kila mwaka, akafagia ua, akapanga vigoda, akakaa mlangoni. Alikaa mpaka mbuzi wakarudi wenyewe. Kesho yake akakaa tena. Pombe ilichachuka ikapita kiasi, akaibeba nje akaimwaga, na kuku wakaja kudonoa machicha. Hapo alilia, si kwa ajili ya pombe.

Isaka peke yake alipita, akasimama mbali na mlango.

"Kule Kenya nako walikuwepo waliolipa, dada," alisema. "Sisemi zaidi."

Damari alikwenda Ikungi siku ya mnada akauza mbuzi, akarudi na hela ya kutosha pindoni. Njiani alijiambia kwamba hawa wote wana watu wao. Wanaweza kukataa serikali, kwa kuwa wakirudi nyumbani kuna wa kuwauliza walikuwa wapi. Yeye angekataa arudi kwa nani?

Siku ya baraza Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kutoka Singida, shingo nyekundu, na nyuma ya gari lake lori la askari. Habari zilikuwa zimemfikia. Alipewa kiti kando ya jumbe, na mkalimani akasimama nyuma yake. Wanaume wa Ihanja walikuwa wamekaa mbali kidogo, juu ya mawe makubwa, wamejifunika mashuka yao kwa ajili ya upepo, na wake zao nyuma yao. Damari alisimama peke yake, kati ya mawe na meza.

Fabiano alianza kusoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Aliyeitwa alikuwa amekaa palepale, anaonekana na watu wote, hata jumbe angeweza kumrushia kokoto, lakini alitazama mbele kana kwamba ameitwa mtu wa Iramba. Fabiano alisoma akimeza mate. Bwana Shauri akaanza kugongagonga buti lake kwa kifimbo.

"Mughwai."

Damari alikuwa ameliwaza jina hilo mwaka mzima. Alilisikia likitoka, likapeperuka na upepo juu ya vichwa vya watu, na kifua kikamjaa.

"Yupo," alisema.

Alikwenda mezani, akafungua pindo, akaweka hela.

Jumbe Antipasi alisimama. Alikuwa mtu aliyepitisha asubuhi ya aibu mbele ya mkubwa wake, na sasa alikuwa ameokotewa heshima. "Mmeona?" alisema kwa sauti. "Mwanamke. Mume wake hatujui hata anakula wapi, na bado analipa. Nyie mnaolala kwenu na kunywa maziwa ya ng'ombe wenu mna sababu gani?"

Bwana Shauri alisema neno, na mkalimani akaligeuza. "Bwana Shauri anasema huyu mama ndiye raia mwema peke yake hapa. Anasema kama yeye ameweza, hakuna asiyeweza. Kwa hiyo leo hii matarishi wataingia mazizini kukamata ng'ombe. Wataanza na zizi lililo jirani na la huyu mama, ili aone kwamba serikali inawatofautisha watu."

Zizi la jirani lilikuwa la Marko. Damari aligeuka. Theresia alikuwa ameketi nyuma ya mume wake na hakumtazama. Alikuwa anatazama chini, akivuta nyuzi kwenye shuka la Marko, kama mke anavyofanya akiwa hana la kufanya. Matarishi walikuwa wameshaanza kukunjua kamba zao.

Alizijua kamba zile. Zilikuwa za katani, za aina ileile iliyoacha alama kwenye viwiko vya Mughwai. Na hapo, mbele ya meza, Damari aliona jambo ambalo lingemfaa kuliona miaka mingi nyuma. Mume wake alikuwa ameikimbia meza hii. Aliikimbia mpaka Kenya, na ilipomkuta Kenya akaikimbia mpaka msituni. Na yeye, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anamkamata kila mwaka anamrudisha hapa. Akashika ukingo wa meza.

Fabiano alikuwa anachana tikiti. Damari alinyoosha mkono akazirudisha hela pindoni, moja moja, akafunga fundo.

"Mama?" alisema Fabiano.

"Yupo," alisema Damari. "Lakini halipi. Andika amekataa."

"Mtu asiyekuwepo hawezi kukataa, mama."

"Ndivyo alivyokataa. Kwa kutokuwepo."

Mkalimani alifungua mdomo, akaufunga. Bwana Shauri alikuwa anamtazama, anangoja. Jumbe Antipasi aliinama juu ya meza na kusema kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, kwa lugha ya kwao, kwamba asijiharibie. Alisema kama hela haiwekwi mezani sasa hivi, jina la Mughwai litaandikwa marehemu, na Paulo ataambiwa achimbe kaburi kesho.

"Maiti hakatai, jumbe," Damari alimjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Chagua moja. Ukiandika amekufa, basi miaka yote hii ulipokea kodi ya marehemu, na Bwana Shauri yuko hapa, tumwulize hela hizo zilipokelewaje. Ukiandika yu hai, andika amekataa."

Kalamu ya Fabiano ilikaa hewani muda mrefu, kisha ikashuka ikaandika kitu. Damari hakujua kusoma, na hakuuliza. Alijua tu kwamba baada ya aibu ile jumbe hangeruhusu jina lile liitwe tena barazani, na kwamba kama Mughwai alikuwa hai, alikuwa hai ndani ya kichwa chake tu, bila shahidi.

Jumbe alimpokonya karani daftari akasoma mwenyewe jina lililofuata, kwa hasira. "Marko!"

Juu ya mawe Marko alisimama. Walikuwa wamekubaliana kunyamaza, na alikuwa mtu wa kushika neno, lakini alimtazama yule mwanamke aliyesimama peke yake mezani.

"Yupo," alisema Marko. "Amekataa."

Mwenye jina la baada yake naye alisimama. Yupo, amekataa. Wengine walicheka wakisema, kwa sababu ni kichekesho mtu kujisemea kama jirani yake. Paulo alipoitwa alisimama na mgongo wake unaomsumbua, umenyooka kabisa, akasema kama wenzake. Kisha hakuna aliyecheka, kwa kuwa Bwana Shauri alikuwa ameinuka na askari walikuwa wanashuka kwenye lori.

Hawakukamata ng'ombe siku ile. Walikamata wanaume. Waliwafunga wawili wawili, wakawapandisha, Isaka naye na mguu wake mbovu wakambeba kama gunia. Alipokuwa juu alitafuta ubao wa kuegemea mgongo. Alimwona Damari chini, akatikisa kichwa taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeiona njia aliyowahi kuipita. Alijua gerezani watakutana na waliokataa wa sehemu nyingine.

Lori liliondoka kuelekea Singida. Wanawake wote wa Ihanja walilikimbilia. Walikimbia ndani ya vumbi, nguo zikiwa zimeshikwa magotini, kila mmoja akiita jina la mume wake ili ageuke amwone. Marko. Paulo. Yalikuwa majina mengi kwa pamoja, na hakuna aliyesikia la mwenzake.

Damari alikuwa amebaki mbele ya meza. Theresia alimpita akikimbia, akasimama, akarudi, akamshika mkono bila kusema kitu, akamvuta.

Basi na yeye akakimbia. Alikimbia nyuma ya lori ambalo halikuwa na mtu wake, akaita jina la Mughwai kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na hakuna aliyemwuliza anamkimbilia nani.